Ndimu nne na balbu haiwaki: umeme hautoki kwenye ndimu

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, mwanangu yuko darasa la nne na anapenda sana kuundaunda vitu. Aliona video ya kutengeneza umeme kwa ndimu basi nyumbani hakukaliki. Tukachukua ndimu nne, misumari ya kawaida ya mbao, na waya wa shaba tuliopewa na fundi anayerewaindi mota, tukaunganisha na kabalbu ka tochi ya zamani. Hakuna kitu. Kwenye video ndimu moja inawasha balbu ya nyumbani, na nyingine ndimu mbili zinachaji simu kabisa. Sasa mtoto anasema yeye hana akili ya sayansi. Ndimu za huku ndo hazina nguvu au? Na kuna kaka kwenye grupu la WhatsApp anauza mafunzo ya umeme wa bure elfu thelathini, nilipie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mwisho, usilipe hata mia. Halafu mwite mtoto umwambie akili yake iko sawa kabisa, kilichoharibu ni vitu vitatu tu mlivyovishika mkononi na vyote vinarekebishika kesho jioni akitoka shule.

Waya kwanza. Waya wa fundi mota ukiuangalia unaona shaba tupu, kumbe umepakwa vanishi mwili mzima, na ni lazima iwe hivyo maana fundi anauviringisha mzunguko juu ya mzunguko na bila vanishi ungepiga shoti wote. Mlipouchomeka kwenye ndimu, maji ya ndimu hayakuigusa shaba, yaligusa vanishi. Kwangua ncha zote kwa msasa mpaka shaba ing'ae, au achana nao, tafuta kipande cha waya wa umeme wa nyumba umenye plastiki, ule hauna vanishi. Misumari nayo, ile ya mbao ni chuma kitupu, chuma na shaba kwenye ndimu vinakupa nusu volti hivi na mara nyingi chini ya hapo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue misumari ya bati, ile yenye kofia pana, ya kijivu. Ule ukijivu ni zinki iliyopakwa juu ya chuma, na zinki na shaba vinakaribia volti moja kwa kila ndimu. Hapo umeshaongeza volti karibu mara mbili bila kuongeza ndimu.

Kabalbu ka tochi ya zamani hata mngepatia vingine vyote kasingewaka. Kale kanataka robo ampea hivi ili ule uzi wa ndani upate moto mpaka utoe mwanga, wakati ndimu moja ikijitahidi sana inatoa miliampea moja, yaani mara mia mbili na zaidi pungufu. Nenda kwa fundi redio umwombe taa ndogo ya LED nyekundu, nyekundu hasa, isiwe nyeupe wala ya bluu, kwa sababu nyekundu inaanza kuwaka kwenye volti 1.8 hivi na hizo nyingine zinataka karibu 3. Ina miguu miwili, mguu mrefu unaenda upande wa shaba na mfupi upande wa msumari, ukigeuza haiwaki. Panga ndimu kwa mnyororo, shaba ya ndimu ya kwanza ifungwe kwenye msumari wa ndimu ya pili, hivyohivyo mpaka ya nne, kila ndimu na msumari wake na shaba yake zisizogusana humo ndani. Zima taa ya chumbani. Itawaka kwa unyonge, nyekundu hafifu, na mtoto ataruka.

Sasa nije kwenye hilo linaloniumiza, maana maswali ya ndimu napata kila msimu wa likizo na karibu yote yamebeba wazo lilelile ulilolibeba wewe: ndimu zetu hazina nguvu. Hata mzazi mwenye digrii ananiuliza hivyo. Umeme hautoki kwenye ndimu jamani! Unatoka kwenye zinki ya msumari. Zinki inayeyuka taratibu ndani ya asidi na kila chembe inayoyeyuka inaacha elektroni zake (vile vichembe vidogo vinavyobeba umeme) kwenye msumari, elektroni zinazunguka kwenye waya kupitia taa mpaka upande wa shaba, na pale zinachukuliwa na haidrojeni iliyoko kwenye ile asidi. Kazi ya ndimu ni kuwa njia ya ndani na kupokea, kinacholiwa ni zinki. Acha msumari kwenye ndimu siku mbili tatu huku taa imeunganishwa halafu uchomoe, umpe mtoto aushike. Sehemu iliyokuwa ndani imefifia, imepoteza ule ung'avu, ina vishimo vishimo ukiipitisha kucha. Hayo ndo malipo ya ule mwanga. (Na ndimu hizo mkimaliza ni za kutupa, zisitengenezewe juisi wala achari, zina zinki na shaba iliyoyeyuka humo.)

Kosa hili lina historia ndefu na mtoto wa darasa la nne anaweza kabisa kuielewa. Luigi Galvani, daktari wa Bologna kule Italia, aligusa miguu ya chura aliyekufa kwa metali mbili tofauti ikaruka, na mwaka 1791 akachapisha kwamba umeme umo ndani ya mnyama. Mwenzake Alessandro Volta akakataa, akasema angalia hizo metali mbili, chura ni kitu cha majimaji tu hapo katikati. Akamtoa chura kabisa, akapanga vipande vya zinki na shaba na kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, akavirundika, na mwaka 1800 akatangaza betri ya kwanza duniani. Anayekwambia leo kuna nguvu ndani ya ndimu amerudi kwa chura wa Galvani, na miaka zaidi ya mia mbili imepita tangu jambo hilo limalizwe.

Kwa hiyo badala ya kumlundikia mtoto ndimu, mwache afanye alichofanya Volta. Fundi yeyote wa umeme mtaani ana mita ndogo ya kidijitali, iazimeni jioni moja. Apime kwanza msumari wa bati na shaba kwenye ndimu, aandike. Aweke shaba mbili kwenye ndimu ileile, apime, atapata sifuri au kitu cha kuchezacheza karibu na sifuri, na ndimu ni ileile! Muulize kama umeme ungekuwa umo kwenye ndimu umeenda wapi. Halafu atoe ndimu kabisa. Sisi Dodoma tuna ubuyu na ukwaju wa kumwaga, na wote una asidi ya kutosha, ndo hiyo inayokukunja uso. Loweka ubuyu kwenye maji ya vuguvugu, mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka msumari na shaba, apime. Arudie na maji ya chumvi. Volti zitakuja karibu zilezile kwa sababu metali ni zilezile. Ile miezi ndimu zinapopanda bei mtaona faida ya ubuyu, na mabaki ya ubuyu safi ambao haujaingia msumari achanganye na kijiko cha baking soda aone povu linavyopanda, hilo nalo ni somo la siku nyingine.

Ukitaka kumwongezea, chukua kiazi mviringo, kichemshe kidogo, kipoe, mkipime na kibichi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walionyesha kiazi kilichochemshwa kinatoa nguvu karibu mara kumi ya kibichi. Siyo kwamba kupika kumeongeza umeme, kupika kunavunja seli za kiazi na njia ya ndani inakuwa rahisi. Hapa ndipo watu wanapochanganya volti na nguvu. Mita inasoma volti 3.5 kwa ndimu nne, mtu anasema mbona betri ya simu nayo ni 3.7, si karibu sawa? Fikiria simtanki lililopandishwa juu ya mnara lakini bomba lake ni mrija wa soda, msukumo upo, maji ya kujaza ndoo hayapo. Chaja ndogo ya simu inatoa volti 5 kwa ampea 1, ni wati 5. Ndimu moja ikifanya kazi inakupa nusu ya miliwati hivi, na miliwati ni wati moja uliyoigawa kwa elfu. Gawanya mwenyewe, unahitaji ndimu kama elfu kumi kwa simu moja, na zenyewe zinachoka. Kwa hiyo mtu aliyekuonyesha ndimu mbili na alama ya kuchaji kwenye kioo ameficha kitu, sina haja ya kuona alipokificha, hesabu imeshamkamata.

Ya balbu ya nyumbani hiyo naijua kabisa na inanikera kwa sababu watoto wengi wamelizwa nayo. Zile balbu za kuchaji, zinazoendelea kuwaka TANESCO wakikata, zina betri yake ndani. Zimetengenezwa ziwake zikihisi kwamba kati ya sehemu mbili za kitako umeme unaweza kupita. Ichomoe kwenye holda, lowesha kidole, gusa sehemu zote mbili za kitako kwa pamoja, itawaka mkononi mwako. Kidole chako kimezalisha umeme? Ndimu inafanya kazi ya kidole, basi. Mfanyie mtoto wako hilo leo usiku na balbu ikiwa mkononi, mbali na holda, halafu mrudie ile video pamoja. Mtoto aliyekuwa anajiona mjinga mbele ya video atakuwa ndiye anayemfundisha baba yake na majirani.

Na huyo kaka wa elfu thelathini, pamoja na wenzake wenye sumaku ya spika na waya uliozungushwa inayowasha nyumba nzima milele, muulizeni swali moja tu: ni kitu gani kinaisha? Kwenye ndimu ni zinki. Kwenye sola ni jua lenyewe linalopokewa, usiku hakuna kitu. Kwenye bwawa la umeme la Mtera maji yanashuka, jenereta linakunywa mafuta. Akikujibu hakuna kinachoisha, funga mazungumzo. Sumaku iliyotulia karibu na waya uliotulia haitoi umeme, lazima kimoja kitembee na kuna mtu au kitu kinachosukuma. Hawa watu wanajua mzazi anampenda mtoto wake na anataka aje kuwa injinia, na hapo ndipo wanapoingilia mfukoni.

Pesa ingekuwa ndo hasara peke yake ningeongea taratibu zaidi. Mtoto akiona ndimu haifiki anatafuta kitu chenye nguvu, na video inayofuata inamwonyesha. Kuna wanaowaambia watoto wapasue betri kavu watoe zinki na kaboni. Betri za alkalini zina kemikali inayounguza ngozi na macho, hazipasuliwi, zinki inapatikana kwenye msumari wa bati. Betri ya simu iliyovimba ndo kabisa, ikitobolewa inashika moto na ule moto kuuzima ni kazi. Soketi ya ukutani ni volti 230 na hakuna jaribio la mtoto linaloanzia pale, hata la kuonja tu, hata ukiwa umesimama pembeni yake. Kiwango cha nyumbani ni betri za tochi na ndimu, volti tisa zikizidi sana.

Nyingine ni hizi video za kuchanganya vimiminika vya rangi na povu, maana mtoto akishamaliza baking soda na siki macho yanaenda kwenye rafu ya sabuni. Jiki na dawa ya kusafishia choo yenye asidi zikikutana inatoka gesi ya klorini, na jiki na siki pia, na jiki hata na ndimu. Mama mwenye nyumba safi ana vyote hivyo sehemu moja, mara nyingi ndani ya choo kidogo chenye kadirisha kamoja. Ukisikia harufu kali ya kukaba koo usianze kumwaga wala kusafisha, mtoe mtoto nje kwenye hewa kwanza na wewe utoke, acha mlango wazi, na kama anakohoa au kifua kinambana nenda hospitali muda huohuo, usimpe maziwa ukasubiri asubuhi. Jiki iwekwe juu, peke yake, mbali na hiyo ya choo.