Shyamnagar: Chumvi Haikuletwa na Bahari Peke Yake

Swali lenu la juma linauliza: maji ya chumvi yakiingia mashambani, wa kulaumiwa ni bahari au watu? Nitajibu kwa mfano wa Shyamnagar, upazila ya pembe ya kusini-magharibi ya Bangladesh, mpakani na India. Jibu langu ni kwamba bahari ilibisha hodi, watu wakafungua.

Upazila ni ngazi iliyo chini ya wilaya. Wilaya ya Satkhira ina upazila 7, na Shyamnagar inatajwa kuwa kubwa kuliko zote nchini kwa eneo, kilomita za mraba 1,968 hivi, ingawa sehemu kubwa ni mito na mikoko ya Sundarbans. Penye makazi pana kata 12 na zaidi ya watu 300,000 wanaosema Kibengali. Wengi ni Waislamu, Wahindu nao si haba, na wapo Wamunda ambao wazee wao waliletwa kutoka Chota Nagpur, nchini India, kufyeka msitu. Kila kata ina halmashauri yake: mwenyekiti, wajumbe 9 na viti 3 vya wanawake.

Miaka ya 1960, nchi ikiitwa Pakistani ya Mashariki, serikali ilivizungushia visiwa matuta ya udongo yenye malango ya maji, mpunga upate kulimwa bila chumvi. Mavuno yalipanda. Lakini tope ambalo mito ilikuwa ikilitandaza mashambani likakosa njia, likatuama mtoni. Vitanda vya mito vikainuka, ardhi iliyo ndani ya tuta ikabaki chini, na leo mashamba mengi yako chini ya kiwango cha maji kujaa.

Miaka ya 1980 bei ya kambamiti ikapanda. Mpangaji mwenye fedha hukodi vipande vya wakulima wadogo, huvizungushia kingo, kisha hupitisha bomba chini ya tuta la serikali ili avute maji ya chumvi mwanzoni mwa mwaka. Hapo ndipo penye ubaya. Udongo unaolizunguka bomba haushindiliwi ukashikana tena. Maji hupenya pembeni, hubeba chembe kidogo kidogo, na tuta huwa na tundu lisiloonekana. Jirani aliyetaka kulima mpunga naye huponzwa, maana chumvi hupita chini ya kingo za bwawa. Baada ya misimu michache hukodisha shamba lake, na kwenye hesabu huandikwa kuwa alikubali kwa hiari.

Kambamiti wenyewe hawana dhamana. Vifaranga huletwa kutoka vituo vya kuzalishia vya Cox's Bazar, huingizwa bwawani kwa awamu, na waliokomaa huvuliwa kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Maji yakiwa na kina kidogo hupata joto kali mchana. Mvua ya ghafla huyapunguza chumvi kwa usiku mmoja. Kisha virusi vya madoa meupe humaliza bwawa zima kwa siku chache. Bwawa pia halihitaji mikono mingi kama mpunga, kwa hiyo kibarua ndiye wa kwanza kukosa kazi. Wengi huenda kwenye tanuri za matofali kuanzia Novemba, wakiwa wameshapokea malipo ya awali na kuyatumia.

Kimbunga Aila kilipopiga tarehe 25 Mei 2009, matuta ya kata ya Gabura yalikatika na familia zikahamia juu ya vipande vilivyobaki. Kuziba pengo ni kazi ya kuvizia maji. Hufanyika wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, na kwa saa chache za kupwa tu: safu mbili za nguzo za mianzi, magunia ya udongo katikati, halafu udongo juu. Tuta jipya halijengwi penye pengo lenyewe, kwa kuwa mkondo umeshachimba shimo refu pale. Linazungushwa nyuma yake kama kiatu cha farasi. Kazi isipokamilika kabla ya bamvua, yote huondoka.

Mpunga bado unawezekana. Mvua ya Juni hadi Septemba huosha chumvi ya juu, miche hupandwa Agosti, huvunwa Desemba. Sharti maji ya mvua yatolewe nje na mengine yaingie. Yakituama tu, chumvi haiendi popote. Kwa kiangazi ipo mbegu ya mpunga ya BRRI dhan47, inayostahimili chumvi zaidi ikiwa changa kuliko baadaye, na ndiyo maana shamba lililopendeza Februari huweza kutoa mapepe yasiyo na punje.

Maji ya kunywa yana hesabu rahisi ambayo miradi mingi huikosea. Familia inayotumia lita 15 kwa siku kunywa na kupika, kwa siku 200 zisizo na mvua, inahitaji lita 3,000. Tangi la lita 2,000 huisha siku ya 133, yaani kabla kiangazi hakijakolea. Paa la bati la mita za mraba 20 likinasa asilimia 80 hutoa lita 16 kwa kila milimita ya mvua, kwa hiyo milimita 190 zinatosha. Mvua ipo tele; kinachopungua ni chombo. Maji ya kwanza ya msimu yamwagwe, yamebeba kinyesi cha ndege. Bwawa la kijiji likiingiliwa na bahari, livutwe lote na kukombwa tope kabla ya masika yao. Kuongezea maji ya mvua juu ya chumvi ni kupoteza mwaka.

Waliobaki bila shamba hutegemea msitu. Vibali vya asali hutolewa kuanzia Aprili, na Juni hadi Agosti msitu hufungwa. Wengine hufuga kaa katika visanduku vya plastiki: lazima visanduku vikaguliwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, ili kaa aliyejivua gamba atolewe akiwa bado laini. Mlinzi akipitiwa na usingizi gamba hukaza, na mnunuzi wa kaa laini hamtaki tena. Kazi hii nayo inataka maji ya chumvi, kwa hiyo wapo maskini wasiotaka lango lifungwe. Anayeandika kuhusu Shyamnagar akimlaumu tajiri wa kambamiti peke yake hajaongea na hao.