Simulizi za Aktiki zirudi kwa wenyewe: majibu ya maswali yenu

Wasomaji wameniuliza kuhusu ngano, picha na nyimbo za watu wa Kaskazini ya mbali ambazo leo zimo katika makumbusho ya miji mikubwa. Nimechagua maswali matano.

Zilifikaje huko?

Zilichukuliwa na watafiti. Knud Rasmussen, mzaliwa wa Greenland aliyekua akizungumza lugha ya huko, alizunguka kwa sleji, magari ya kuteleza juu ya theluji yanayovutwa na mbwa, hadi Alaska katika msafara wa 1921 hadi 1924, akiandika ngano, nyimbo na habari za waganga. Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki ya Greenland, Kanada na Alaska, walimpokea na kumsimulia kwa hiari. Hata hivyo, vitu alivyokusanya vilipelekwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, na ripoti zikachapwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wasimulizi wenyewe hawakuisoma.

Picha za zamani zinamsaidia nini kijana wa leo?

Zinamsaidia sana. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Kanada ina maelfu ya picha za Wainuit, na nyingi hazikuandikwa jina la mtu: ni “mama na mtoto” tu, au “mwindaji”. Serikali ya Kanada ndiyo iliyowagawia Wainuit visahani vyenye namba za kuwatambulisha, kuanzia miaka ya 1940, kwa sababu majina yao yaliwashinda makarani.

Mwaka 2001 chuo cha Nunavut Sivuniksavut, kinachofundisha vijana wa Kiinuit mjini Ottawa, kilianza na hifadhi hiyo kazi ya kutafuta majina. Vijana walirudi makwao na picha ndani ya kompyuta, wakaketi na wazee, wakafungua moja baada ya nyingine. Mzee akimtambua mtu, anamtaja, na kijana anaandika. Ieleweke kwamba kwa Wainuit mtoto hupewa jina la marehemu na kurithi undugu wake pia: watu wanaweza kumwita mtoto mdogo “bibi” kwa sababu ya jina alilobeba. Kwa hiyo anayepata jina la mtu kwenye picha amepata jamaa. Wazee waliokuwepo enzi zile wanapungua kila mwaka, ndiyo maana nasema kazi hii haingoji bajeti ya mwakani.

Si waziweke zote kwenye intaneti, kila mtu ajionee?

Siafiki. Kwa Wainuit wimbo una mwenyewe, na anayeuimba hutaja aliyeutunga. Kuna pia mambo ya waganga na ya misiba ambayo familia haipendi yatazamwe na kila mpita njia. Mukurtu, programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu iliyoanzia kwa Wawarumungu, wenyeji wa asili wa Australia, inaiachia jamii iamue nani aone nini. Huo ndio mwendo ninaoutetea: jamii iulizwe kabla, si baada.

Tena intaneti yenyewe ni shida. Vijiji 25 vya Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, havijaunganishwa kwa barabara, na kwa miaka mingi mtandao wao umetegemea setilaiti, ghali na wa polepole. Nakala iliyowekwa shuleni kijijini inafika kwa watu wengi zaidi.

Na vitu vyenyewe, vinarudishwa?

Vipo vilivyorudi. Kati ya 1982 na 2001 Denmark iliipa Greenland vitu takribani 35,000, vikapelekwa makumbusho ya Nuuk, mji mkuu wa Greenland. Mwaka 2022 ngoma ya Anders Poulsson, Msami aliyenyang’anywa ngoma hiyo mwaka 1691 na kushtakiwa kwa uchawi, ilirudi rasmi kwa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia, huko Karasjok, Norwei. Miaka 331!

Jirani yangu hapa Denmark, mzee wa makamo ya babu, ana kanda alizorekodi Greenland ujanani. Nimshauri nini?

Kwanza asizipandishe mtandaoni, na asijaribu kuzicheza kwenye mashine mbovu; kanda kuukuu hukatika. Keti naye sasa, akiwa bado anakumbuka, muandike kila kanda ni ya mwaka gani, kijiji gani, nani anasikika na alikubaliana naye nini. Kisha awaandikie Makumbusho na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Greenland, Nuuk, awaulize wanataka zifikeje. Kama anakumbuka familia za waliozungumza, aziandike pia, maana wajukuu wao ndio wa kwanza kupaswa kuzisikia.