Kanzu, Kitenge na Usiku wa Mavazi Rasmi Melini: Mnauliza, Fundi Anajibu

Msimu huu maswali ya sare za harusi yamepungua kidogo, yamekuja ya meli. Nasemea zile meli kubwa za matembezi ambazo watu wanaishi humo wiki nzima, wanalala, wanaogelea, wanashuka bandari hii na ile, alafu jioni moja wanaambiwa leo chakula cha usiku ni mavazi rasmi. Watoto wetu walioko nje wameanza kuwakatia wazazi tiketi na hilo ni jambo la kheri sana, ila huku nyumbani wazazi wanakosa usingizi kwa sababu ya nguo, na mimi kama fundi cherehani naona hofu nyingi haina sababu.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa Ujiji. Kijana wetu anafanya kazi Uingereza, katukatia tiketi mimi na baba yake, meli inaitwa Iona, inatoka Southampton inaenda Norway siku saba. Mkamwana katutumia maelezo kwamba kuna usiku wa mavazi rasmi, wanaume wavae tuksedo, ile suti nyeusi ya sherehe ya kizungu inayovaliwa na tai ya kipepeo, au suti nyeusi na tai. Mzee kagoma. Anasema hajavaa tai ujanani na hataivaa uzeeni, ataenda na kanzu yake na koti. Mkamwana anasema tutarudishwa mlangoni mbele za watu. Mimi nina vitenge vizuri tu ila sijui kama vinahesabika. Tufanyeje?

JIBU: Mama, mwache Mzee na kanzu yake, yuko sahihi. Mkamwana naye hajakosea kusoma, ila kasoma mstari wa kwanza tu. Kampuni za Waingereza kama P&O, wenye hiyo Iona, na Cunard ambao ndo wagumu kuliko wote kwa mambo haya, wanataja tuksedo na suti nyeusi kwa sababu ndo vazi rasmi la kwao, lakini vazi rasmi la taifa la mgeni nalo linakubalika. Wascoti wanaingia kwenye chakula hicho hicho na kilti, zile sketi zao za drafti, na soksi ndefu hadi magotini, na wanapewa kiti kama kawaida. Sasa kama Mscoti anakaa na sketi yake, Mzee wa Ujiji na kanzu ya darizi na koti jeusi atazuiwa kwa lipi? Ili mkamwana naye alale usingizi, mwambie kijana awaandikie kampuni sentensi mbili tu, kwamba baba atavaa kanzu ndefu nyeupe na koti, vazi rasmi la Waswahili, ni sawa? Wakishajibu, aichapishe hiyo barua Mzee akae nayo mfukoni.

Lakini hapa nataka niwe mkali kidogo. Kanzu ziko za aina mbili na sisi wote tunajua. Ile ya kuendea gengeni jioni, nyepesi, imeshafifia kwenye kola, hiyo ibaki Ujiji. Anayotakiwa kuvaa ni ile ya kuozesha, yenye darizi shingoni na kifuani, imefuliwa ikapigwa pasi ikasimama, ndani suruali nyeupe, juu koti jeusi linalokaa mabegani vizuri, kofia ya viua, na viatu vya ngozi vya kufunika vilivyong'arishwa. Makubazi hapana, hata yawe ya bei gani. Na kama ana joho alilovaa siku ya kumuozesha binti, hilo abebe, likiingia pale hakuna tuksedo itakayolishinda.

Kwako wewe mama, kitenge kinahesabika, tena sana, ila kinachohesabika ni mshono. Kitenge cha kujifunga kiunoni hata kikiwa cha bei mbaya kutoka Kongo hakiwi nguo ya usiku rasmi mpaka kipite kwa fundi. Shona gauni refu la kufika kwenye kifundo cha mguu, weka bitana lisishike mwilini, chagua wax nzito ya rangi iliyotulia, bluu iliyoiva, zambarau, nyeusi na dhahabu, usichukue kile chenye picha ya mtu au maandishi ya sherehe fulani. Kiremba cha kitambaa hicho hicho kinapendeza mno. Moja linatosha, au mawili ukipenda, kwa sababu kwenye safari ya siku saba usiku wa namna hii mara nyingi ni mmoja au miwili, sio kila siku, jioni nyingine gauni la kawaida nadhifu na shati la kola kwa Mzee vinatosha kabisa. Na hauwekwi usiku wa kwanza wala wa mwisho, maana siku ya kwanza mabegi mnayaacha bandarini yanaletwa kabini baadae, na usiku wa mwisho mnatakiwa kuyatoa nje ya mlango yachukuliwe. Kwa kawaida wanauweka siku ambayo meli iko majini mchana kutwa, watu wana nafasi ya kujiandaa.

Pasi usibebe. Kwenye kabini pasi zimekatazwa kwa ajili ya moto, watakunyang'anya mkiwa mnaingia. Iona ina chumba cha kufulia chenye pasi, nenda mapema, jioni ya mavazi rasmi kunakuwa na foleni. Njia nyingine ambayo huwa nawaambia wateja wangu wote wanaosafiri, tundika nguo bafuni ufungulie maji ya moto ufunge mlango, mvuke unanyoosha mikunjo mingi. Na mtandio mzito usikose, kumbi za kulia zinapulizwa viyoyozi, alafu Norway yenyewe hata mwezi wa saba ukitoka nje usiku baridi inakuingia. Jambo jingine si la nguo ila nisipolisema nitakuwa nimewatupa: Norway iko kwenye nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, viza ya Uingereza peke yake haiwatoshi, kijana aliangalie hilo sasa hivi kabla hamjanunua hata uzi.

Na Mzee akiwa bado na wasiwasi kwamba meli hiyo ni ya wenyewe na yeye ni mgeni, mwambie hivi. Iona inabeba abiria zaidi ya 5,000 na ilikabidhiwa mwaka 2020 kutoka kiwanda cha Meyer Werft, mji wa Papenburg, Ujerumani. Ni kiwanda hicho hicho kilichojenga Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 waliiunda kule kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, ikaja kwa makasha hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa ziwani mwaka 1915, na jina la Liemba ikalipata mwaka 1927 baada ya Waingereza kuiibua ziwani, maana Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa vita. Babu zetu wamepanda kazi ya mafundi wa Papenburg miaka mingi kabla hao abiria wa Iona hawajazaliwa. Mzee aingie pale kifua mbele.

SWALI: Fundi habari. Niko Kibirizi, naoa mwezi wa kumi na mbili, kaka wa mchumba wangu anayeishi Marekani katupa zawadi ya fungate kwenye meli ya kampuni ya Norwegian inayotokea Miami. Rafiki yangu kaniambia huko bila tuksedo huli, nimeona moja mtandaoni bei yake naweza kununua mtumbwi. Nikope?

JIBU: Usikope mdogo wangu, hela ya mkopo ni ya kodi ya nyumba mtakayorudi kuishi. Rafiki yako anazungumzia kampuni nyingine. Hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanasikia neno meli wanadhani sheria ni moja. Norwegian Cruise Line walishaacha kulazimisha usiku wa mavazi rasmi tangu mwaka 2000 hivi, mwenye kutaka kupendeza anapendeza, asiyetaka anavaa suruali ndefu na shati la kola anakula bila kuulizwa, na kuna migahawa humo hata jinzi safi isiyochanika inakubalika. Carnival wao wana usiku wanaouita wa umaridadi lakini koti na tai sio lazima, suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu vinatosha. Celebrity walilegeza. Virgin Voyages wana usiku mmoja ambao watu wanavaa nyekundu, basi. Cunard ndo ile ambayo usiku wa gala, yaani wa mavazi rasmi, mwanaume anategemewa tuksedo au suti nyeusi na tai, na sehemu kubwa ya meli inafuata hivo hadi usiku. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza mimi au rafiki, angalia jina la kampuni kwenye tiketi, ingia kwenye tovuti yao, soma ukurasa wa mavazi mpaka chini.

Hata hivyo wewe ni bwana harusi na ni fungate, sitaki uende na kadeti tu. Pita soko la mitumba la Mwanga asubuhi wakifungua bale, tafuta suti nyeusi ya sufu nyepesi, usiangalie kama mikono ni mirefu au kiuno ni kipana, angalia mabega tu. Mabega yakikaa, mengine yote fundi anayaweza, kupunguza kiuno, kupandisha mikono, kukata suruali. Mabega yasipokaa iache hata kama inang'aa, kuyafungua ni kushona koti upya. Utatumia sehemu ndogo ya hiyo bei ya mtumbwi na utaivaa kwenye harusi za wenzako miaka kumi.

SWALI: Assalam aleikum. Nipo Tabora, Isevya. Naenda na mume wangu, kwenye sheria za meli wameandika kofia haziruhusiwi ukumbi wa chakula. Mimi navaa hijabu. Nitavuliwa?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hapana. Wanachokataa ni kapelo na zile kofia za pwani za kujikinga jua, vazi la dini halimo kabisa. Abaya nyeusi yenye kazi ya shanga au ya uzi wa dhahabu mikononi, na hijabu ya shifoni, ni vazi rasmi tosha, nisingebadili kitu. Ila viatu vya mchuchumio virefu viache, meli inayumba, na ngazi zina mazulia. Kisigino kifupi kinene ndo rafiki yako. Na suala la chakula cha halali mwandikie kampuni wiki kadhaa kabla, usisubiri kumwambia mhudumu mezani.

SWALI: Mimi wa Gungu nina dukuduku. Mtu nimelipa hela yangu, nimeenda kupumzika, kwanini mtu anipangie nguo ya kulia chakula? Si ni utumwa wa kizungu huu?

JIBU: Nimekusoma na sikubaliani na wewe, na nitakwambia kwanini. Sisi wenyewe tuna sheria ya mavazi kali kuliko hiyo meli. Njoo kwenye harusi ya Ujiji na pensi uone kama utapewa sahani. Mama akiwekewa sare ya kitenge kwenye shughuli akaja na nyingine, maneno yake hayaishi mwezi. Hatuiti utumwa, tunaiheshimu shughuli na aliyeiandaa. Na kule jikoni watu wamesimama tangu asubuhi kupika hicho chakula, wahudumu wamepiga pasi nguo zao, meza zimetandikwa vitambaa, kuna wanandoa wanatimiza miaka hamsini wamehifadhi hela kwa ajili ya usiku ule tu. Ukija na singlendi na ndala unaukalia usiku wa mwenzako.

Ninachokubaliana na wewe ni hiki, umbo la vazi. Zamani kwenye zile meli za kuvuka Atlantiki abiria wa daraja la kwanza ndo walikuwa wanavaa hivo kila jioni, ilikuwa ni kuonyesha nani ana nacho, na mimi hilo silitetei. Ndo maana nasisitiza kanzu, kitenge, joho, abaya, tuingie na zetu. Alafu hakuna anayekulazimisha kuingia ukumbi ule. Meli nyingi kati ya hizi zina mgahawa wa kujipakulia ambapo usiku huo huo unakula na tisheti nadhifu, au unaagiza chakula kabini. Wapiga picha nao watakuwa kwenye ngazi usiku huo wanapiga kila aliyependeza, kupigwa ni bure, kununua ni ghali na sio lazima. Ila ukishachagua kuingia ukumbini, vaa.

SWALI: Fundi swali fupi tu. Begi likipotea uwanja wa ndege je? Msomaji wa Katubuka.

JIBU: Vazi la usiku rasmi halikai kwenye begi la kupakia, linakaa kwenye begi la mkononi. Kitenge au kanzu ukikunja vizuri haizidi ukubwa wa mto mdogo, viatu viweke chini, koti unalivaa mwilini safari nzima. Umeshapotelewa tayari, nenda kwenye kaunta ya wageni melini siku ile ile unayopanda, waeleze, mara nyingi wanaelewa na wanakuelekeza pa kula, na meli kubwa zina maduka yanayouza shati, tai na mitandio, bei ni ya melini lakini ipo.

Wenye maswali ya sare za Idi mniletee mapema, mwaka jana mlinijazia meza wiki ya mwisho na wengine nikashindwa kuwamalizia.