Stika haifichi ubao mbovu

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nimeshanunua stika za kubandika ubavuni mwa mashine yangu ya gemu. Nibandikeje zisije zikajaa mapovu?" Nimefurahi kuulizwa, maana yangu, kabati refu la ubao lenye skrini na vitufe, imekamilika juzi tu na bado naizunguka nikiitazama. Ila swali hilo limekuja baada ya manunuzi, na hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Kwanza uliza mashine yako ilikuwaje ilipotoka kiwandani. Mashine za gemu ya Pac-Man za kampuni ya Midway za mwaka 1980, kwa mfano, ubavuni hazikuwa na stika kabisa. Zilipakwa rangi kwa stensili, yaani kiolezo kilichokatwa umbo la mchoro.

Mimi nilianza na kabati la chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) lililokuwa limevimba pembe za chini kwa unyevu, ubavu umejaa mikwaruzo. Jamaa mmoja ninayemheshimu aliliangalia akasema, "Si unabandika stika tu? Nani ataona?" Kauli hiyo inaniuma hadi leo. Wengi wanadhani stika ni blanketi la kufunikia uchafu, wakati punje moja ya vumbi chini yake hutokeza waziwazi taa ikipiga kwa pembeni.

Basi nikajaza puti, nikapiga msasa namba 120, kisha 220, praima, msasa 320, rangi. Sitawachosha kwa hayo. Kilichonitesa ni kungoja. Rangi ikikauka juu, ndani bado inatoa mvuke, hasa rangi ya mafuta. Ukiifunika mapema, mvuke unakosa pa kutokea na kuinua stika. Mapovu mengi tunayolaumu mikono yametokea hapo. Niliinusa rangi kila asubuhi, na harufu ilipoisha nikangoja tena. Nyumbani walinicheka. Waliokuwa wakicheka sasa ndio wanaopanga foleni kucheza.

Kubandika kwenyewe kunahitaji utulivu kuliko ufundi. Laza kabati kwa ubavu, usibandike likiwa limesimama. Futa uso kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Tandaza stika bila kuvua karatasi yake, ipime, kisha ibane katikati kwa tepu ya karatasi kutoka ukingo hadi ukingo. Inua nusu moja, vua karatasi ya upande huo uikate, halafu ishushe kidogo kidogo huku ukisugua kwa kipande cha plastiki chenye felti, kutoka katikati kwenda nje. Toa tepu, malizia nusu ya pili vivyo hivyo. Tafuta mtu wa kukushikia ncha, na awe asiyependa kuongea.

Wapo wanaonyunyiza maji yenye sabuni kidogo ili stika iteleze na kusogezeka. Juu ya rangi iliyokomaa inafanya kazi. Lakini maji yakipenya kwenye ukingo wa chipbodi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) usiopakwa kitu, ubao unavimba na hausinyai tena. Mimi hubandika kavu. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa sindano usukume hewa itoke. Usiibandue stika nzima kwa ajili ya kiputo kimoja!

Nawaambia tena: uso kwanza. Anayeona uvivu kushika msasa asinunue stika. Atakuwa amenunua njia ya gharama ya kuonyesha mikwaruzo yake. Tumezoea kutaka picha nzuri ya mwisho na kuikimbia kazi iliyo chini yake, na si kwenye mashine za gemu peke yake.

Wembe uwe mpya, maana butu huivuta stika badala ya kuikata. Punguza kingo kwanza, ndipo ugonge ule mkanda wa plastiki unaoingia kwenye mfereji wa ukingo. Utafunika mkato wako. Kwenye paneli ya vitufe, bandika stika nzima, kisha toboa katikati ya kila tundu na ukate ukifuata mzingo wake. Usihangaike sana mkato ukipinda kidogo, ukingo wa kitufe utaufunika.