Jibu: Kwa nini makato yalipanda baada ya kumwingiza mwenzangu kwenye bima

Dada, hawajakuibia. Unaishi na mwenzako bila ndoa, kazini wakamkubali kwenye bima yako ya afya, sasa unauliza mbona makato yamezidi. Hapa Marekani sheria ya kodi ya serikali kuu haimhesabu kuwa mumeo, kwa hiyo kile mwajiri anachomlipia kinahesabiwa kipato chako na kinakatwa kodi. Angalia karatasi ya mshahara, utakiona kimeandikwa peke yake. Ila kama mmeishi pamoja mwaka mzima na wewe ndiye unayebeba zaidi ya nusu ya matumizi yake, huenda akahesabiwa mtegemezi wako. Omba fomu ya kuthibitisha hilo.

Linalonitia wasiwasi zaidi: ukiacha kazi, sheria ya COBRA, ile inayomruhusu mtu kuendelea kwa muda na bima ya kazini baada ya kuacha kazi, haimpi mwenzako haki yake mwenyewe ya kuendelea na bima. Waulize kazini mapema, wakujibu kwa maandishi.