Je, kemikali za juu ya jani zinatosha kutenganisha spishi za vichaka?

Swali: Nina sampuli kavu za vichaka vya jamii ya alizeti (Asteraceae), vyote vya jenasi moja, ambavyo maua yake hayatofautiani. Nimeshauriwa nichunguze kemikali zilizo juu ya majani. Nianzie wapi, na matokeo niyaamini kwa kiasi gani?

Jibu: Anza na flavonoidi, kundi kubwa la kemikali zinazotengenezwa na mimea. Zile za juu ya jani kwa kawaida hazikuungana na sukari, na nyingi zina vikundi vya methili, ndiyo maana huyeyuka upesi katika asetoni. Suuza jani zima kwa muda mfupi bila kulisaga, kwa sababu ukilisaga utachanganya kemikali za ndani na za nje. Kisha tenganisha kemikali ulizosuuza kwa kromatografia ya tabaka jembamba (kimiminika hupanda kwenye bamba na kuacha kila kemikali mahali pake) na uyatazame madoa chini ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 366, kando ya misombo iliyokwisha kutambuliwa.

Usishangilie upesi ukikuta hispidulini, mojawapo ya flavoni (tawi la flavonoidi). Flavoni za aina hiyo, zenye oksijeni kwenye kaboni ya 6, zimeenea katika familia nzima, na hupatikana hata katika Salvia, jenasi ya familia ya mnanaa, ambayo si ya familia hii. Kwa hiyo kuwapo kwake hakuthibitishi undugu wa karibu. Chenye uzito ni mkusanyiko mzima wa misombo unaojirudia katika mimea mingi ya kundi moja na kukosekana katika kundi jirani.

Nta ya juu ya jani ningeiweka nyuma. Alkani zake (minyororo ya kaboni na hidrojeni tu), hasa zenye kaboni 27, 29, 31 na 33, hupimika kwa urahisi, lakini uwiano wake huweza kubadilika kadiri jani linavyozeeka au mmea unavyokabiliwa na ukame.

Mbinu za namna hii zina manufaa halisi. Magharibi mwa Marekani, majani ya Artemisia tridentata, kichaka cha jamii hii ya alizeti, hulowekwa katika maji na kumulikwa kwa urujuanimno: nususpishi vaseyana hung'aa buluu kutokana na kumarini (kundi jingine la kemikali za mimea), ilhali wyomingensis hung'aa kwa nadra au hafifu. (Kumarini hizo si za juu ya jani pekee.) Hata hivyo machotara huvuruga jibu, kwa hiyo chukua mimea kadhaa kutoka kila eneo, yenye majani ya umri unaolingana, na pale kemia inapopingana na DNA, chunguza kwanza uwezekano wa uchotara kabla ya kutangaza spishi mpya.