Kwa Salma: mtu mweusi mikononi mwa Luftwaffe

Tanga

Mwanangu Salma,

Waraka wako umefika na nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema mzee mmoja hapo Hoofddorp, Uholanzi, amekusimulia habari za ndege ya Waingereza iliyoanguka jirani yenu, Nieuw-Vennep, wakati wa vita, na kwamba ndani yake alikuwamo mwanajeshi mweusi aliyekamatwa akiwa hai. Unaniuliza kazi yake humo ndani ilikuwa nini, na zaidi ya hapo iliwezekanaje mtu mweusi akaangukia mikononi mwa Manazi, akakaa kwao karibu miaka miwili, kisha akarudi salama. Nitakujibu yote mawili, ingawa jibu la pili huenda lisikupendeze, kwa kuwa halimo katika ushujaa wake wala katika huruma ya waliomkamata.

Mtu huyo ni Cy Grant. Alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Beterverwagting, British Guiana, nchi ambayo leo ni Guyana, na baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Moravian, kanisa lile lile unalolijua lilivyoshika mizizi Tabora na Mbeya. Kabla ya vita alikuwa karani katika ofisi ya hakimu. Alitamani kusomea sheria ng'ambo, lakini fedha hazikuwapo. Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, lilikuwa na masharti ya rangi yaliyowazuia watu kama yeye kuwa maofisa, na masharti hayo yaliondolewa Oktoba 1939, tena kwa muda wa vita tu. Marubani walipozidi kupungua, ndipo vijana wa makoloni ya Karibi walipoanza kuitwa kwa dhati. Grant aliingia mwaka 1941 akafunzwa urubani, kisha katikati ya mafunzo akahamishiwa kwa waongoza njia. Baadaye alikuja kuamini kwamba sababu ni kuwa wazungu hawakutaka rubani mweusi awe mkubwa wao ndani ya ndege, nami sioni sababu ya kumbishia.

Sasa kazi yenyewe. Ndege aina ya Lancaster ilibeba watu saba, na mwongoza njia alikaa nyuma ya rubani, kwenye meza ndogo iliyozungushiwa pazia ili mwanga wa taa yake usionekane nje. Hakuwa na nafasi ya kutazama mji unaoungua wala ndege za adui. Alikuwa na ramani, penseli, dira na saa. Alichukua mwendo wa ndege, uelekeo wake na muda uliopita, akatia na makadirio ya upepo, akapata mahali walipo, na dakika chache baadaye akaanza hesabu upya, hivyo hivyo usiku kucha. Kilikuwapo chombo cha redio kilichoitwa Gee, kilichofaa sana juu ya bahari, lakini Wajerumani walikuwa wamekwisha kujua namna ya kuvuruga mawimbi yake, kwa hiyo kadiri ndege ilivyozama bara ndivyo hesabu ya mkono ilivyobaki kuwa tegemeo. Upepo ukikosewa, ndege huenda nje ya msafara, na iliyoachana na msafara ndiyo iliyokuwa rahisi kuwindwa. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na nakiri kwamba sijui ni mwanafunzi wangu yupi angeweza kuzipiga hesabu hizo meza ikitikiswa na mizinga.

Usiku wa tarehe 25 Juni 1943 Grant, akiwa na miaka 23, aliondoka na wenzake wa Kikosi cha 103 kutoka uwanja wa Elsham Wolds, mkoa wa Lincolnshire, kwenda Gelsenkirchen katika bonde la Ruhr. Ilikuwa safari yake ya tatu ya vita. Ndege 473 zilitumwa usiku huo na 30 hazikurudi. Ya kwao ilishambuliwa na ndege ya kivita ya Ujerumani walipokuwa njiani kurudi, juu ya Uholanzi, ikashika moto na kuvunjika. Wenzake wawili walikufa, na watano wakashuka kwa parachuti. Grant aliangukia shambani gizani. Jamaa ya mkulima ilimsaidia, lakini polisi, Mholanzi, ndiye aliyemkabidhi kwa Wajerumani.

Kukamatwa kwenyewe kulikuwa bahati, tusilisahau hilo. Kati ya watu kama 125,000 walioruka na kamandi ya RAF ya ndege za mabomu, walikufa 55,573, na waliochukuliwa mateka hawakufika 10,000.

Alipelekwa kwanza Oberursel, karibu na Frankfurt, mahali ambapo mateka wa anga walihojiwa na kufungiwa peke yao. Huko alipigwa picha, na picha ikatoka katika gazeti la chama cha Nazi, Völkischer Beobachter, ikiwa na maelezo kwamba huyu ni mtu wa jeshi la anga la Uingereza asiyejulikana ni wa mbari gani. Miaka mingi baadaye alipoandika kumbukumbu zake, alichukua maneno hayo hayo yakawa jina la kitabu.

Kisha wakamfanya nini? Wakampeleka Stalag Luft III, kambi ya maofisa wa anga huko Sagan, mji ambao leo uko Poland, wakampa kitanda na nambari kama wengine. Hapa ndipo penye swali lako. Grant alikuwa na kamisheni, yaani alikuwa ofisa, na Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikataza ofisa aliyetekwa kulazimishwa kufanya kazi. Kambi za mateka wa anga zilikuwa chini ya jeshi la anga la Ujerumani lenyewe, Luftwaffe, si chini ya SS, askari wa chama cha Nazi. Zaidi ya yote, Uingereza nayo ilikuwa na maelfu ya Wajerumani mikononi. Oktoba 1942, baada ya shambulio la Dieppe, pwani ya Ufaransa, Wajerumani waliwafunga pingu mateka wa Uingereza na Kanada, na Churchill akaamuru mateka wa Kijerumani nao wafungwe. Kila upande ukafahamu kwamba atakachomtenda mateka kitamrudia ndugu yake. Grant aliishi ndani ya kivuli cha hesabu hiyo.

Wasiokuwa na kivuli hicho waliuawa. Juni 1940, Ufaransa ilipokuwa inaanguka, askari wa Kiafrika wa Ufaransa, wale walioitwa watirailleur wa Senegal, walijisalimisha Chasselay karibu na Lyon. Wajerumani wakawatenga na wazungu, wakawapeleka uwanjani na kuwamiminia risasi. Walikuwa wamevaa sare ya nchi iliyotia saini mkataba ule ule, lakini nchi hiyo ilikuwa imeshindwa na haikuwa tena na cha kulipizia. Mateka wa Kisovieti waliokufa mikononi mwa Wajerumani walizidi milioni 3, nao wengi walikuwa wazungu. Ngozi ilihesabiwa, mwanangu, lakini haikuhesabiwa peke yake.

Mwafrika mwenzetu alipita njia hiyo hiyo. Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, naye alikuwa mwongoza njia, naye aliangushwa mwaka 1943, akawekwa katika kambi ya Barth kwenye pwani ya Baltiki. Alikuwa katika kamati ya kupanga wenzake watoroke, akijua fika kwamba yeye mwenyewe, mrefu na mweusi, asingefika mbali katika vijiji vya Pomerania. Askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana Burma hawakupewa kamisheni katika vita ile hata mmoja, na huwa najiuliza wangetendewaje laiti wangeletwa Ulaya.

Mkataba ule wa Geneva nao ulikuwa na mipaka. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944 mateka 76 walitoka Sagan kwa handaki walilolichimba mchangani; watatu tu ndio waliofika salama, na 50 kati ya waliokamatwa waliuawa na Gestapo, polisi wa siri wa Nazi, kwa amri ya Hitler. Walikuwa wazungu, na wote maofisa kama Grant. Waliuawa kwa sababu walikuwa wametoka chini ya Luftwaffe wakaingia mikononi mwa wengine.

Januari 1945 Warusi walipokaribia, mateka wa Sagan walitolewa usiku katika theluji, wakatembezwa siku kadhaa na kisha kupakiwa katika mabehewa ya mizigo. Grant alifikishwa Luckenwalde, kusini mwa Berlin, na huko Jeshi Jekundu lilimkuta Aprili. Alikuwa ameamua akiwa ndani ya waya kwamba atasomea sheria ili kupambana na ubaguzi na ukoloni. Mwaka 1950 alihitimu uwakili London, akakosa kazi ya uwakili, na alichopata ni kuigiza na kuimba, hata kuanzia 1957 Waingereza wakawa wanamwona kwenye televisheni ya BBC akiimba habari za siku kwa mtindo wa kalipso. Alifariki mwaka 2010.

Ukikutana tena na yule mzee, muulize kuhusu mke wa mkulima wa Nieuw-Vennep. Mabaki ya Lancaster yaliangukia nyumba yao ya shamba, naye akafa humo usiku ule. Hakuwa na cheo wala nambari ya mateka, na mkataba wa kuwalinda raia kama yeye, na raia wa Gelsenkirchen waliokuwa chini ya mabomu yale, haukutiwa saini hadi 1949. Sikupata kusoma jina lake popote. Ukilipata, uniandikie.

Baba yako